Barua ya wazi kwa binamu yangu anayetafsiri muvi

Binamu,

Sikukuu ya Idi nilikuumbua mbele za watu. Ulikuwa umekaa kibandani, maikrofoni mkononi, unatafsiri muvi ya jamaa wanaopigana juu ya treni, ukatamka neno ambalo hakuna kamusi inayolijua. Nikapaza sauti: "Wewe, hilo umelitoa wapi?" Vijana wakaangua kicheko. Najua lilikuuma, maana jioni ile hukuonekana tena. Leo nakuomba radhi, na aliyenisukuma ni zimwi mmoja wa kwenye Mayabazar, sinema ya mwaka 1957.

Ila kwanza tuwekane sawa. Muvi ile ya Idi haikuwa ya Kihindi. Ilikuwa ya Kitelugu, lugha ya Andhra Pradesh na Telangana, na Mhindi wa Delhi naye anasubiri atafsiriwe kama sisi. Neno letu "Kihindi" limezimeza lugha zote za kule, kubwa na ndogo. Nikikusikia tena ukiwaambia wateja kwamba Watelugu wameanza na Baahubali ya 2015, nitazima jenereta.

Miaka ya 1950 walikuwa wameshaiva. Studio zao wakati huo zilikuwa Madras, ambayo leo ni Chennai, kwenye mji wa Watamil. Jimbo la Andhra lilipomegwa mwaka 1953, Madras ilibaki upande wa pili, lakini kamera hazikuhama mara moja. Watu waliendelea kutengenezea sinema zao kwa jirani. Ndiyo maana Mayabazar, hiyo ninayotaka uitafsiri kibandani, ilitengenezwa kwa Kitelugu na kwa Kitamil. Mwongozaji ni K. V. Reddy, na studio ni Vauhini.

Kisa chenyewe kimetoka kwenye ukoo wa Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, lakini ukikisikiliza utadhani ni cha mtaani kwetu. Sasirekha na Abhimanyu ni mtu na mtoto wa shangazi yake, wameahidiwa kuoana tangu wadogo. Binamu nyama ya hamu, hata wao wanalijua hilo. Halafu kina baba wa Abhimanyu wanapoteza ufalme kwenye kamari. Ghafla wazazi wa binti hawakumbuki ahadi yoyote, posa inahamia kwa mtoto wa tajiri. Hapo huna haja ya kutafsiri sana, akina mama watamalizia wenyewe.

Anayeokoa jahazi ni Ghatotkacha, mtoto wa baba mkubwa wa Abhimanyu, nusu mtu nusu zimwi. Usiku anamnyanyua binti na kitanda chake, anampeleka msituni kwa njia ya angani, halafu anarudi akiwa amevaa umbo la bibi harusi. Sasa mtazame Savitri, mwigizaji wa Sasirekha. Sura haijabadilika, vito ni vilevile. Lakini akiachwa peke yake mabega yanatanuka, anatembea kama mpagazi wa bandarini, anajitazama na kujicheka. Akisikia hatua za mtu, anajikusanya, macho chini, mwari wa watu. Nilirudisha nyuma mara nne kutafuta pale anapobadilika, sikupaona. Hakuna kompyuta pale, binamu. Ni mgongo wa mwanamke mmoja tu.

Zimwi mwenyewe, akiwa kwenye umbo lake, ni S. V. Ranga Rao, bonge la mtu, na ameketi peke yake mbele ya karamu ya harusi ya wenyewe. Anaimba kuhusu vyakula, na madonge ya laddu yanaruka yenyewe kumfuata mdomoni. Watoto watataka urudie hapo.

Ila sababu ya barua ni hii. Msituni, wafuasi wa Ghatotkacha wana mwalimu wao, mzee wa kushika sana sheria. Kuna mahali neno jipya linatamkwa, linazua ubishi, na Ghatotkacha anauliza: yasipobuniwa na mtu, maneno yatazaliwaje? Nilisimamisha picha. Nikakiona kile kicheko changu cha Idi.

Aliyeandika mazungumzo hayo, Pingali Nagendra Rao, hakuishia kusema. Mji wa kimazingaombwe unapojengwa kuwapokea wageni wa bwana harusi, kuna busati linalojikunja na mtu akiwa juu yake, na kitanda kisichomtuliza mlalaji. Kwa Kitelugu blanketi ni kambali na kitanda ni talpam. Yeye akavikata vichwa, akavibandika "gi": gimbali, gilpam. Basi. Wewe ungesema gisati na gitanda, na kibanda kizima kingekuelewa hapohapo.

Mambo mawili ya kazi. Wateja watauliza steringi yuko wapi, kwa sababu wale ndugu watano wa Pandava, yaani hao kina baba wa Abhimanyu, ambao ugomvi wote ni wao, hawatokei hata mara moja. Waambie wamtazame Krishna, mungu wa Wahindu. Aliyemwigiza ni N. T. Rama Rao, na mwaka 1983 alikuja kuwa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Hilo litawanyamazisha kidogo.

La pili, mwaka 2010 ilitoka nakala iliyotiwa rangi. Usiiweke hiyo. Kuna wimbo wa kwenye mashua, usiku, na mbalamwezi ile mpigapicha Marcus Bartley aliitengeneza mwenyewe. Kwenye nyeusi na nyeupe maji yanang'aa kama samaki aliyetoka kuvuliwa. Ukipaka rangi unaona maji tu.

Ina urefu wa saa tatu, kwa hiyo jaza mafuta ya kutosha. Na kuna neno limenishinda. Pingali aliwaita wale wabaya wanne wa kisa hiki, Duryodhana, Dushasana, Shakuni na Karna, "dushta chatushtayam", na Watelugu wanalitumia mpaka leo kwa wanasiasa wasiowapenda. Mimi nimefika kwenye "wanne wa nuksi", lakini halina mlio. Ukipata jingine nipigie, hata kama ni usiku.