Tupunguze miti na michongoma kabla ya masika

Habari za jioni majirani. Jumamosi hii kuanzia saa moja asubuhi, kila nyumba ipunguze miti na michongoma iliyotokeza barabarani.

Pale kona ya dukani ndipo pabaya zaidi. Bugenvilia imefunika njia yote ya miguu, watoto wa shule wanaikwepa kwa kushuka barabarani, na bodaboda akikata kona hawaoni mpaka awafikie. Wenye ua huo muanze nyie, tafadhali. Na miiba ikusanywe yote, la sivyo tutashinda kwa fundi pancha.

Matawi ya juu yakatwe kiasi cha mtu mwenye mwavuli kupita bila kuinama. Mwarobaini unaoziba taa ya barabarani nao upunguzwe.

Matawi yaliyogusa nyaya za umeme msiyaguse kabisa, hata kwa mti mkavu. Hayo ni ya TANESCO. Niandikieni pembeni nikusanye orodha niwapigie.

Majani yasitupwe mtaroni, mnajua masika maji huwa yanaelekea wapi. Mkokoteni utapita saa nne, mchango elfu mbili kila nyumba.

Panga na msumeno vipo kwangu. Bibi wa geti la kijani yuko peke yake, nahitaji vijana wawili wa kumsaidia. Nani na nani?