Pikapu yako inabeba nini? Swali tunalouliza kabla ya kugusa springi

Wateja wa pikapu wanaofika kwenye garaji yetu hapa Kampemba, Lubumbashi, huja na malalamiko yanayofanana. Gari inaruka nyuma kwenye mashimo. Breki zinashika mbele tu. Usiku taa zinapiga juu, na madereva wanaokuja wanakukemea kwa taa zao. Tairi za nyuma zimeliwa katikati, pembeni bado nzima. Mara nyingi mwenye gari ameshakata shauri akiwa njiani: "Fundi, nibadilishie amortisa zote nne," yaani shokamzoba. Sisi tunamwuliza kwanza, papa, pikapu hii inabeba nini siku ya kawaida?

Wengine swali hilo linawaudhi, wanadhani tunachungulia biashara yao. Hatuna haja na biashara ya mtu. Tunauliza kwa sababu pikapu za ukubwa huu, yaani Hilux, Ranger, D-Max, L200, Navara na ndugu zao, zimeundwa kubeba karibu tani moja. Ile ya milango minne ikiwa tupu inakaribia tani mbili, ikijaa inafika tatu na kitu. Mzigo karibu wote unakaa nyuma, kwa hiyo springi za nyuma, ambazo kwa pikapu nyingi ni yale mabamba ya chuma yaliyopangana, lazima ziwe ngumu. Zikiwa hazina mzigo zinakosa kazi ya kufanya, na kila shimo la barabara ya Kipushi linakufikia kiunoni. Gari la namna hiyo ni zima. Linafanya kama lilivyoumbwa.

Kama umenunua pikapu kwa ajili ya ofisi, shule ya watoto na kanisa, anza na upepo wa tairi kabla ya kutoa franki yoyote. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo: kuna kibandiko kinachoonyesha ukubwa wa tairi na upepo wake, na kwa magari mengi kuna kipimo cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Vijana wanaojaza upepo kando ya barabara wakiona pikapu wanajaza sana, wakiamini kila pikapu inabeba. Tairi ngumu juu ya springi ngumu, hapo ndipo gari linaporuka na tairi kuliwa katikati. Magari mengi tumeyatuliza kwa kupunguza upepo tu, asubuhi tairi zikiwa baridi, na mwenye gari akarudi nyumbani bila kununua kipuri. Amortisa iliyokufa inajulikana: inavuja mafuta mwilini mwake, au ukikandamiza kona ya gari na kuachia, gari linaendelea kunesa badala ya kutulia. Tukiona hayo tutakuambia uibadilishe. Tusipoyaona, hatutaibadilisha hata ukitusihi.

Sasa wale wanaobeba kweli. Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Ile tani moja ndani yake kuna watu. Watu wazima watano wa kilo 75 ni kilo 375. Zimebaki kilo 625, yaani mifuko 12 ya simenti ya kilo 50, na bado hujahesabu chuma cha mbele, kifuniko cha nyuma, tairi la akiba la pili na jeki. Pipa la lita 200 la maji ni kilo 200, la mazuti, yaani dizeli, ni karibu kilo 170. Anayepeleka mapipa manne ya mazuti shambani upande wa Kasenga, na vijana wanne ndani, ameshamaliza haki yake kabla ya kupakia mbegu.

Mchanga ndio unaodanganya watu kuliko kitu kingine. Karai, yaani sehemu ya nyuma ya kupakia, ya pikapu ya milango minne ina upana na urefu wa karibu mita moja na nusu, na kina cha karibu nusu mita. Ukiijaza sawasawa na kingo umepakia mita ya ujazo moja au zaidi kidogo. Mita ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu kilo 1,600. Ule uliolowa mvua ya Januari unakaribia tani mbili. Kwa macho karai imejaa tu, haikufurika, na dereva anasema hajazidisha. Kumbe amebeba mara mbili. Mawe ya madini ni mabaya zaidi: mfuko wake ni mdogo, mtu mmoja hauinui, na nafasi inayobaki kwenye karai inakushawishi uongeze mwingine.

Mteja wa namna hii anatuomba kitu kimoja: "Niongezee bamba kwenye springi." Tunaweza kuongeza, na wakati mwingine tunaongeza, kwa mtu ambaye gari lake halishuki barabarani bila mzigo wa halali. Lakini bamba jipya linainua sehemu ya nyuma tu. Chasi ni ile ile, beringi za magurudumu ni zile zile, klachi ile ile, breki zile zile. Gari linasimama sawa, linaonekana lina nguvu, na mwenyewe anapakia zaidi. Baadaye tunaliona tena chasi ikiwa imepinda nyuma ya kabini, hasa kama mzigo mzito hupangwa mkiani, nyuma ya ekseli. Mzigo wa hapo unainua pua ya gari: usukani unakuwa mwepesi, taa zinapanda. Vizito vyote visukume mbele, viegemee kabini.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wa springi hawaligusi, nalo linahusu breki. Pikapu nyingi tunazozipokea, hasa za miaka ya nyuma, zina valvu ndogo ya breki iliyofungwa kwenye chasi, na kijiti cha chuma kinachoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Mzigo ukishusha gari, kijiti kinasogea, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu inaipunguza, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Ukiinua gari kwa bamba jipya bila kurekebisha kijiti, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Una simenti mgongoni, unateremka kuelekea Likasi, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Ndiyo maana lile lalamiko la "breki zinashika mbele tu" hatulichukui kwa wepesi. Pikapu mpya nyingi zinagawa breki kwa umeme, hazina kijiti hicho. Yako tutakuonyesha ukiwa chini ya gari pamoja nasi.

Kwa majira ya mvua, neno moja juu ya 4x4. Kwenye pikapu nyingi za aina hii, ukiiweka, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanafungwa yazunguke mwendo mmoja. Kwenye matope haina shida, tairi zinateleza kidogo na mambo yanajipanga. Kwenye lami kavu, kila ukikata kona magurudumu ya mbele yanataka kwenda mbali kuliko ya nyuma na hayapati ruhusa. Usukani unakuwa mzito, gari linajivuta, na difu na gia zinaumia. Ukitoka kwenye matope na kupanda lami, itoe. Na wakati wa kiangazi, kwenye barabara ya vumbi, iweke mara moja moja kwa mwendo mfupi, ili mafuta yafike kote na isigande.

Vumbi lenyewe, lile jekundu la Mei hadi Septemba, linahitaji filta ya hewa iangaliwe mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje.

Ukitaka tushughulikie springi za nyuma, njoo mara mbili: siku moja gari likiwa tupu, siku nyingine likiwa na mzigo wako wa kawaida, ule wa kweli. Tunapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, tunaandika, kisha tunalinganisha. Hapo ndipo tunapojua kama mabamba yamechoka, kama mpira wa kwenye kikuku, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi, umeisha, au kama mzigo ndio umezidi gari. Tutakuambia lipi ni lipi kabla ya kukutajia bei. Tukikufungia springi mpya, rudi baada ya kilomita 500 hivi tukaze tena zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, kwa sababu hulegea chuma kikishajikalia. Kukaza huko hatukudai kitu.