Barua ya kukaa ndani ya begi la vitabu

Nyakato, Mwanza

Mwanangu,

Barua hii nimeichomeka ndani ya riwaya ya Peponi maana najua ndicho utakachofungua kwanza. Kabla hujaanza kukisoma, toa kile kitini cha uchambuzi kwenye mfuko wa pembeni wa begi, umpe shangazi yako huko Ukerewe akifungie kabatini hadi likizo iishe. Nani alikinunua, tusiulizane.

Mwalimu wako wa Kiswahili anakusifu, anasema majibu yako yana mpangilio. Nikatembea kifua mbele hadi nyumbani, kisha nikayasoma. "Mwandishi ametumia tamathali za semi kwa ufundi mkubwa." Tamathali gani, mama? Ukurasa upi? Nimekisoma kitini chote, sentensi ile ipo humo neno kwa neno. Mwandiko tu ndio wako, na mwandiko wako ni mzuri kweli.

Basi Peponi. Abdulrazak Gurnah alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994. Ida Hadjivayanis amekitafsiri, na Kiswahili chake kimetoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa tajiri kufidia deni, na mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa ndugu. Kitini kitakuandikia "utumwa" kisha kiendelee na dhamira ya pili. Wewe tafuta ni nani anayemfumbua macho kwamba yule si ndugu yake, na anamwambia kwa maneno gani. Hapo usipite mbio.

Kitabu kipya usikipasue katikati, gundi ya mgongo itakatika na kurasa zitachomoka moja moja. Kisimamishe mezani kwa mgongo, laza jalada la mbele, laza la nyuma. Kisha shusha kurasa kama 10 za mbele, 10 za nyuma, ukipitisha kidole taratibu kwenye mkunjo, hivyo hivyo hadi ukutane na katikati. Ni kazi ya dakika tano.

Kurasa 25 kwa siku, siku 6 kwa wiki, zinatosha. Soma asubuhi. Usiku taa huwaita wale wadudu wadogo wa ziwani, ukifunga kitabu unawabandika humo na doa halitoki. Shika penseli, si kalamu. Neno usilolijua liwekee nukta pembeni na uendelee. Kamusi ni mwisho wa sura, la sivyo kila mstari utakuwa safari. Nukta zikizidi tano ukurasa mmoja, punguza mwendo na usome kwa sauti. Sura ikiisha, funga kitabu uandike mistari mitatu: nani anataka nini, nani anamzuia, na sentensi moja uliyoipenda pamoja na namba ya ukurasa. Ukishindwa, rudia kurasa mbili za mwisho. Usimwombe shangazi ufunguo wa kabati.

Cha pili ni Rosa Mistika. Ni cha 1971, lakini kwa asiyekisoma ni kipya, na unakwenda Ukerewe kwenyewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo na nyumbani kwa Rosa amepaweka hapo hapo. Ukifika pale Zakaria, baba mlevi wa Rosa, anapomchapa binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, kitini kina maneno mawili: "malezi mabaya". Soma mwenyewe, uone nani mwingine yumo ndani ya nyumba ile na nani ananyamaza. Baba mkali si lazima awe mlevi, na hapo najisema mwenyewe. Simu yako iko ndani ya soksi ya kijivu, ina chaji.

Cha tatu si hadithi: Mzee Rukhsa, maisha ya Ali Hassan Mwinyi kwa maneno yake mwenyewe, kilitoka 2021. Hiki anza na yaliyomo, kisha chora mstari wa miaka nyuma ya daftari. Upande mmoja aliyoyafanya, upande wa pili anavyoyaeleza. Anzia 1977, alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa polisi huku kwetu Mwanza na Shinyanga. Wazee wa hapo kwa shangazi yako waulize wanavyokumbuka, halafu linganisha. Kosa la wengi ni kusoma maisha ya mkubwa kama msahafu.

Theft ya Gurnah, ya 2025, ni Kiingereza. Hiyo ngoja urudi. Na kile kinene cha Aniceti Kitereza cha Myombekere na Bugonoka utakiona kwa shangazi. Mzee alikimaliza 1945 kwa Kikerewe, Kiswahili chake kikachapwa 1980, akafariki mwaka uliofuata. Usianze nacho. Anayekimbilia matukio hukwama mapema, maana kitabu kile kinakwenda mwendo wa mtu anayesubiri pombe ya ndizi iive.

Kwenye meli vitabu vikae ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Ukifika tu, vitoe. Vikibaki humo jasho la plastiki litaleta ukungu. Kikilowa usikianike juani, kitapinda kama kigae. Weka gazeti kila baada ya kurasa 20, kivulini penye upepo, badilisha gazeti likilowa, kikikaribia kukauka kikandamize kwa tofali lililofungwa kitambaa. Meli isipokwenda, usipande mtumbwi; zunguka Bunda hadi Kisorya ukavuke kwa kivuko.

Sukari kilo mbili na sabuni ni za shangazi. Mwambie hela ya mabati nitamalizia mwisho wa mwezi, safari hii kweli. Dagaa atakaokupa uwaanue wakavu kabisa, wa mara iliyopita walinukisha begi zima. Mama yako anasema ndoo ya bluu irudi na mfuniko wake.

Baba yako