Shukrani za familia ya Fundi, Magomeni Mapipa

Kwa ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, mliopiga simu na mliotuma chochote: familia ya marehemu baba yetu, ambaye nusu ya Magomeni ilimjua kwa jina moja tu la Fundi, inasema asanteni sana. Tungependa kumpitia kila mmoja kwake, lakini wenyewe mliuona umati. Naandika mimi, binti yake wa pili, kwa niaba ya ndugu zangu wote. Kaka mkubwa amesema kalamu haiwezi, kazi yake ni kusimama mlangoni na kupokea mikono.

Baba alituaga alfajiri ya Jumatano, katikati ya masika. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1933. Mwenyewe alikuwa akikicheka: "Mwaka nilipewa na karani. Mama yangu aliniambia mvua za vuli, basi."

Siku hiyo mvua ilikuwa haijakatika tangu usiku. Jangwani ikajaa, barabara ikafungwa, mwendokasi ikasimama. Waliotoka Kariakoo na Temeke walizungukia Salenda, wakaingia kwa Kinondoni, na bado wakafika kabla ya Adhuhuri. Vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu, nyie sijui tuwalipe nini. Mliwabeba wazee mmoja mmoja kuwavusha madimbwi, na aliyetoa nauli mkamrudishia. Na wale mliochimba kaburi mkikomba maji kwa ndoo, yakirudi mkikomba tena, mpaka mwanandani ukakaa sawa: tuliwaona mlivyorudi na matope hadi kifuani, mkakaa nyuma kabisa ya turubai ili msichafue mikeka ya watu.

Kabla ya sala ya jeneza kaka alisimama, akasema lile neno linalosemwa: mwenye kumdai marehemu atufuate sisi wanawe, deni ni letu. Kimya. Halafu safu ya tatu akainuka mzee mmoja na bakora yake. "Mimi namdai suruali."

Kitambaa alikileta mwezi wa Rajabu, akaambiwa njoo Ijumaa.

Mlioguna mkiinamisha vichwa ni kwa sababu wote mmewahi kuambiwa hivyo. Njoo Ijumaa. Ijumaa ya lini, hakusema hata siku moja. Hapo ndipo tulipojua kwamba msiba huu una daftari, na nitalirudia mwishoni.

Baba alitoka Maneromango, Kisarawe, mwaka 1949, juu ya lori la mkaa, akafikia kwa mjomba wake Kariakoo. Mjomba akampeleka kwa fundi wa Kihindi. Miaka miwili kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kupuliza pasi ya mkaa. Mkasi haruhusiwi kuugusa. Cherehani yake mwenyewe, Singer ya miguu, aliinunua mwaka 1957 kwa kulipa kidogo kidogo, akahamia Magomeni akapanga chumba chenye baraza. Baraza hiyo hakuiacha tena. Enzi hizo za TANU Mwalimu Nyerere naye alikuwa akiishi Magomeni, nyumba yake leo ni makumbusho, na kila mzee wa mtaa huu ana hadithi yake na Mwalimu. Ya baba ilikuwa ya kifungo cha shati. Shahidi hatukuwahi kumpata, na marehemu mama kila hadithi ilipofika kwenye kifungo alikuwa akiinuka kwenda kutazama sufuria.

Ninayoiamini zaidi ni ya Uhuru, kwa sababu haimpi sifa. Bendera ilipandishwa usiku wa manane kuamkia Desemba 9, 1961, na Dar es Salaam nzima ikaenda kutazama. Baba hakwenda. Alikuwa na kanzu tatu na gauni moja la watu waliotaka kuuvalia Uhuru, akakesha barazani na karabai. Alipomaliza kola ya mwisho, watu walikuwa wanarudi. "Nilisikia vifijo tu," alikuwa akisema, bila majuto hata kidogo. "Lakini walivaa."

Nchi yetu aliisoma kwa nguo. Miaka ya sitini mwishoni ilipokuja Operesheni Vijana, Januari 1969 vimini vikapigwa marufuku, na barazani kukawa na foleni ya akina dada wanaotaka pindo lishushwe. Pasipo na pindo la kushusha aliongeza kitambaa cha rangi nyingine, na wapo walioufanya huo mtindo. Zikaja Kaunda suti, kila bwana ofisini anataka mifuko minne. Zikaja siku za maduka ya kaya, kitambaa hakionekani, akawa anageuza kola za mashati: iliyochakaa anaitia ndani, ya ndani anaitoa nje, shati linaanza maisha upya. Kisha biashara ikafunguliwa na mitumba ikamwagika. Mafundi wengi walikunja mashine zao. Baba alinuna kama wiki mbili, halafu akaandika kwa chaki ukutani: TUNAPUNGUZA MITUMBA. Hiyo mitumba ndiyo iliyotusomesha sisi watatu wa mwisho.

Alikuwa Simba, na hadi mwaka huu aliiita Sunderland, jina waliloliacha 1971. Watani wake wa Yanga mlifika na jezi zenu, tuliwaona, na tunajua angewajibu nini.

Watani wenyewe hasa, Wanyamwezi wetu, nyie mlitutoa machozi ya namna nyingine. Mwanamke yule aliyechukua futi ya baba msumarini, akaivaa shingoni na miwani juu ya pua, akampima kaka mabega mbele ya watu wote na kutangaza kwamba kitambaa hakitoshi, aongeze elfu kumi: alimpatia baba hadi kile kikohozi chake. Kaka alilipa. Bibi yetu mdogo, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, alicheka mpaka akaomba uji.

Wauguzi wa wodi aliyolala siku tisa za mwisho, asanteni kwa subira. Najua alimwambia mmoja wenu kwamba sare yake imekatwa vibaya kwapani na kwamba akitoka hapo atairekebisha. Dada yule alikuja msibani. Alikaa nasi jikoni, akamenya vitunguu mpaka jioni.

Na jiko lenyewe! Akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mlipika ubwabwa wa siku tatu juu ya kuni mbichi na moshi ukiwaingia machoni, na hakuna aliyetuuliza sukari iko wapi. Mwenye turubai na viti alichukua nusu ya bei na kutusihi tusimtaje, kwa hiyo simtaji. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe wetu, maimamu, waliomwosha na kumkafini, mliochanga kwa simu kutoka Mwanza, Tanga, Unguja hadi Muscat, Mwenyezi Mungu awalipe. Mchango mmoja wa shilingi elfu mbili ulikuja na ujumbe: "Alinishonea sare ya shule, hakuchukua hela." Hatujui ni nani. Kama unasoma, tumeupata.

Sasa daftari. Tulipoanua matanga tulilifungua. Kuna vipimo vya watu waliokwisha kutangulia, na vya watu wanene wa leo walipokuwa vijana. Jirani yetu mmoja ana kiuno 28 mwaka 1974 na 40 mwaka 1996, ukurasa huohuo. Madeni ya pesa anayowadai watu tumekaa kikao tukayasamehe yote. Anayodaiwa yeye ni vitambaa saba, vimekunjwa kabatini, kila kimoja na karatasi yake imebanwa kwa pini. Vitano tumewafahamu wenyewe. Viwili bado: drili ya rangi ya ugoro, kiuno 36, na kitenge cha yadi tatu chenye picha ya tausi, mikono mifupi. Wenyewe tafadhali mje, mkitaka tuvishone ama tuwarudishie. Cherehani anaikalia mjukuu wake wa kike, aliyefundishwa hapo hapo barazani, tena yeye alipewa mkasi siku ya kwanza.

Hitma ya arobaini itasomwa nyumbani, Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya Alasiri. Nyote mnakaribishwa.

Na wewe mzee wetu wa safu ya tatu: suruali yako imeshapigwa pasi. Ije kuchukuliwa leo, usingoje Ijumaa.