Haryana si medali peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Kila Olimpiki inapofika tunasoma habari za wanamieleka wa Haryana, jimbo la kaskazini mwa India linalopakana na Delhi, kisha basi. Utamaduni uliowalea hauguswi.

Kule mieleka ni mambo ya kijiji. Uwanja wake, akhara, ni udongo uliolainishwa na kuchanganywa na mafuta ya haradali na manjano. Vijana huamka alfajiri, huutifua kwa jembe, ndipo washikane. Chakula chao ni maziwa, samli na lozi. Kwa wafugaji wa nyati, maziwa hayakosekani.

Linalonigusa zaidi ni wasichana. Vijijini wake wengi bado hujifunika uso mbele ya baba mkwe, na mabaraza ya ukoo, yaani khap, yamewahi kupinga ndoa za vijana waliopendana. Humo humo ndimo alimotoka Sakshi Malik wa wilaya ya Rohtak, aliyepata shaba Rio mwaka 2016, mwanamke wa kwanza wa India kutwaa medali ya Olimpiki katika mieleka. Hiyo si habari ya michezo tu!

Kuna pia saang, maigizo ya kuimba yanayochezwa uwanjani, watazamaji wamezunguka pande zote, na kwa desturi wanaume ndio waliocheza nafasi za kike. Waandishi wako wa utamaduni waandike na haya, tafadhali. Wasomaji tupo.

Msomaji wenu,
Morogoro