Walimu wa kompyuta, badilisheni notisi za GitHub

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niseme na walimu wa kompyuta wa hapa Dodoma. Nina steshenari Ng'ong'ona. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wasio na laptopu, wanaokuja kumalizia kazi zao kwenye kompyuta za kulipia kwa saa.

Kasheshe huanza kazi inapotakiwa kupandishwa GitHub, mtandao wa kuhifadhi kazi za programu za kompyuta, kwa terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Kijana ana notisi alizorithi kwa kaka zake: andika jina, andika nywila, bonyeza Enter. Anaandika nywila, haoni herufi wala vinyota. "Dada, kibodi yako imekufa." Haijafa, mdogo wangu, terminali ndivyo inavyoficha. Anabonyeza Enter, anakataliwa. GitHub waliacha kupokea nywila ya akaunti kwa njia hiyo tangu Agosti 13, 2021, na ujumbe wenyewe wa kumkatalia unasema nywila haikubaliwi. Nani anausoma?

Kinachoniudhi zaidi ni dawa iliyopatikana. Badala ya kurekebisha notisi, kuna mwalimu ametengeneza tokeni, yaani msimbo mrefu wa siri, ya akaunti yake na kuitupia kwenye grupu la WhatsApp, darasa zima litumie. Mwalimu, hiyo tokeni inashika nafasi ya nywila! Kama uliipa ruhusa ya "repo", yeyote aliyenayo anasoma na kubadili ripo zako zote (hifadhi za kazi zako), hata za faragha, na wewe ndiye utakayeonekana umefanya.

Njia nyepesi ipo. Kwenye kompyuta zangu nimeweka gh, programu ya GitHub wenyewe ya kutumia kwa terminali. Kijana anaandika gh auth login, anachagua kuingia kwa kivinjari, anapewa msimbo wa herufi na tarakimu nane. Anachukua simu yake mwenyewe, anafungua github.com/login/device, anaingiza ule msimbo na kukubali. Nywila yake haikugusa kibodi yangu, na bando lililoliwa ni kiduchu.

Sasa kutoka. Wengi wanafunga dirisha, wanabeba mkoba, wanakwenda zao. Mteja anayefuata akiandika gh auth status anakutana na jina la mwenzake. Amri ya kutoka ni gh auth logout, nimeibandika ukutani kwa maandishi makubwa, lakini mtu asiyefundishwa darasani atajuaje kwamba inamhusu? Tena amri hiyo inaifuta kwenye mashine tu ile tokeni ambayo gh ilipewa alipoingia. Ruhusa yenyewe hubaki GitHub mpaka mwenye akaunti aingie kwenye mipangilio, upande wa programu alizoziruhusu, aiondoe. Hilo sijaliona kwenye notisi yoyote iliyoletwa kwangu kutolewa kopi, na kopi natoa nyingi.

Mkigawa notisi za muhula ujao, ongezeni ukurasa huo. Na yule mwalimu wa grupu la WhatsApp aifute tokeni yake leo, maana kwenye kompyuta zangu bado nakutana nayo.

Mwenye steshenari,
Ng'ong'ona, Dodoma