Shukrani kwa mhudumu wa meza yetu ya wawili

Kwako mhudumu ambaye jina lako hatukulipata: ahsante sana, umetukirimu.

Uliuliza kuhusu sufle, kile kitindamlo cha mayai kinachoumuka, kabla hata hatujafungua menyu vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Sufle hukaa kwenye oveni kama dakika 20 na haipikwi ikangoja mtu. Ikishatoka, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, nayo hushuka papo hapo. Anayeiagiza baada ya nyama hukaa akitazama kitambaa cha meza.

Kwenye mvinyo ulimimina tone, ukatueleza taratibu kwamba kuonja huko ni kukagua kama kizibo kimeiharibu chupa, ile harufu ya kadibodi iliyolowa, wala si kuamua kama mvinyo umetupendeza. Wengi hawaambiwi hili, wakabaki kutikisa kichwa tu! Mwekundu ulikuja na ubaridi kidogo, nyuzi 16 hivi. Ukipata joto zaidi, kileo hupanda puani na kufunika harufu ya matunda.

Sahani zetu mbili mlizitua kwa pamoja, wewe na mwenzako, kwa hiyo hakuna aliyemngoja mwenziwe huku samaki wake akipoa. Ile sosi ya siagi ikipoa huganda, ikipata moto mkali hukatika, mafuta yakajitenga. Yetu ilifika laini, iking'aa, imeshikamana na mgongo wa kijiko.

Jibini ikatangulia kitindamlo, kama Ufaransa. Na bili hukuileta mpaka tulipoiomba.

Mungu akujalie wewe na jiko lenu.